Kulizunguka Ziwa Naivasha kwa Miguu na Darubini

IJUMAA

Tumeteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, kwa sababu Mwalimu alitaka tuanze kuwaandika ndege kabla hatujaliona ziwa lenyewe. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha baiolojia miaka mingi, na ndiye anayetuongoza. Sisi wengine ni mchanganyiko wa watu: wanafunzi wa chuo, muuguzi aliye likizoni, baba na bintiye wa gredi ya sita, na dada mmoja wa Mwanza anayesoma Nairobi. Wengi wetu tulijuana kwenye matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoandaliwa na Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909, na tangu hapo tumekuwa tukichangishana nauli kila tunapopata nafasi ya kwenda mbali kidogo.

"Nguzo za umeme msizipite hivi hivi," Mwalimu alituambia gari lilipofika bondeni. Na kweli, kabla ya Longonot tulikuwa tumeshamwona shakivale juu ya nguzo, mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu kama kutu. Alikuwa ameinamisha kichwa akikagua majani yaliyo chini yake. Kazi yake kubwa ni panya na fuko, wale wanaomla mkulima viazi vikiwa bado ardhini, na ninasikitika kila ninaposikia mtu amemrushia mawe akidhani atamaliza vifaranga vya kuku. Kinachomwangusha zaidi sehemu hizi ni kukosa pa kuwinda na pa kuweka kiota, malisho yanapogeuzwa mashamba na majengo.

Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi na jioni baridi yake si ya mchezo hata Februari. Ziwa hili lina jambo moja linaloeleza karibu kila ndege tutakayemwona: maji yake ni baridi, hayana chumvi, ilhali hakuna mto unaotoka. Malewa na Gilgil huingiza maji kutoka upande wa kaskazini, kisha sehemu ya maji hayo hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Majirani zake Elmenteita na Nakuru ni ya magadi. Ndiyo maana Naivasha ina mafunjo, samaki wengi, na ndege walao samaki, na wapenzi wa ndege wameorodhesha hapa aina zaidi ya 350. Mwaka 1995 liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, likiwa la pili nchini baada ya Nakuru.

Tulipiga kambi upande wa kusini. Baada ya chai tukatoka kwa matembezi ya kwanza, tukiongozwa na askari wa kambi mwenye tochi na fimbo, maana jua likizama viboko hutoka majini kuja kula nyasi, na mtu asijikute kati ya kiboko na maji. Njia iliyochorwa kwenye ramani ya kambi inazunguka kichaka cha migunga na kufika gatini. Tuliifuata kwa dakika chache tu, ikaingia majini. Migunga yenyewe ilikuwa imesimama ndani ya ziwa, haina hata jani moja, magome yake ya manjano yamegeuka kijivu. Askari alituonyesha kwa mkono mahali gati lilipokuwa. Ziwa limekuwa likipanda na kushuka tangu zamani, lakini lile ongezeko lililofikia kilele mwaka 2020 liliingia mpaka nyumbani kwa watu, hasa mtaa wa Kihoto ulio kando ya ziwa, na familia nyingi zikahama.

Mwalimu alitufundisha jinsi ya kumwelekeza mwenzako kwa ndege bila kunyoosha kidole na bila kupaza sauti: taja mti kwanza, kisha tagaa, kisha urefu wa tagaa, halafu nyamaza umwache atafute. Inachukua muda kuzoea. Watu huwa na haraka ya kusema "yule pale!", na yule wa pale huwa ameshaondoka.

Kundi letu la kwanza kuandikwa lilikuwa la cherero, kasuku wadogo. Walitoka kwenye tundu la mgunga mkavu mmoja mmoja, kijani, shingo ya rangi ya chungwa, wakipiga kelele kuliko umbo lao. Dada wa Mwanza akashusha darubini. "Hawa ni wa kwetu," alisema. "Tunao huko mpaka Serengeti." Ni kweli. Cherero wa Fischer, na ndugu yake mwenye ukosi wa manjano, asili yao ni Tanzania, na hawa wa Naivasha ni kizazi cha waliotoroka au kuachiliwa kutoka vizimbani. Wamezaana wao kwa wao mpaka ni vigumu kumpata aliye safi wa aina moja. Mwalimu huwaandika kama mchanganyiko, na nadhani yuko sahihi, kwa sababu orodha inayosema zaidi ya kilichoonekana haimsaidii mtu.

Giza lilipoanza kuingia kwarara wakapita juu yetu wakielekea kulala, sauti yao ikisikika kabla ya wao kuonekana. Askari akatuambia basi, turudi. Viboko walikuwa wameanza kukoroma upande wa mafunjo.

JUMAMOSI

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tumevaa majaketi ya kuokolea na kukaa kwenye boti mbili. Leo ndiyo siku iliyotuleta: kuvuka kwenda Crescent Island na kutembea huko kwa miguu.

Nahodha wa boti yetu amekulia hapa hapa. Kabla ya kuwasha injini alituuliza kama tungependa furukombe, yule tai mla samaki, aje karibu kwa picha. Yeye huchukua samaki mdogo, humpitisha kipande cha bua la mafunjo ili aelee, hupiga mluzi, kisha humrusha. Furukombe humjua, huruka kutoka mtini na kumnyakua mbele ya wageni. Mwalimu alimwambia kwa upole, "Leo tutamngoja ajitafutie, kaka. Malipo yako ni yale yale." Nahodha alikubali bila kinyongo.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Mimi naona samaki wa kurushiwa anamharibia ndege na anatuharibia hesabu: furukombe wanajikusanya panapopita boti, nasi tunadhani sehemu hiyo ina ndege wengi, kumbe ina wageni wengi. Lakini siwezi kumlaumu nahodha. Wageni humlipa kwa ajili ya picha, hawamlipi kwa yale anayoyajua. Wangemuuliza maswali anayostahili kuulizwa na kumlipa kwa majibu, angekuwa na mapato bila kurusha samaki hata mmoja. Sisi tulimuuliza, na asubuhi yote hakukosa jibu.

Tulizima injini kwenye msitu wa migunga iliyokufa. Sijui niueleze vipi. Ni miti mamia, imesimama majini mbali na nchi kavu, na karibu kila mmoja una wakazi. Juu kabisa mnandi wenye vifua vyeupe wameweka viota vya vijiti, vingine vitatu au vinne kwenye mti mmoja, matawi yote yamepakwa chokaa kwa kinyesi chao. Chini kidogo mnandi wadogo wenye mikia mirefu wamekaa na mabawa wazi wakijikausha. Manyoya yao huloa maji, na hilo ndilo linalowasaidia kuzama na kumfukuza samaki chini ya maji, kisha huwabidi kukaa juani. Mbizi, mwenye shingo nyembamba, alikuwa amejitenga kwenye kisiki. Mdiria mweusi kwa mweupe alisimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, akatumbukia, akaibuka na kisamaki, akarudi kwenye kitawi na kumgonga mara kadhaa kabla ya kummeza.

"Unaona ule mti wenye matagaa mawili?" nahodha alituuliza. "Hapo ndipo tulikuwa tukifunga boti. Mimi nimetembea hapo na viatu."

Muuguzi akamuuliza kama miti hiyo itadumu. Alisema mingi imeshaanguka, kila msimu wa upepo mkali inapungua, na mashina yaliyozama ndiyo yanayotoboa boti usiku. Nilinyamaza kwa muda baada ya jibu hilo. Mnandi hawa wamepata mji mkubwa kwa sababu ya mafuriko, mji usiofikiwa na nyani wala paka, lakini ni mji wa miti iliyokufa. Mgunga mkavu hauchipui. Ukioza shina utaanguka, na mahali pake hapataota mwingine maadamu ni majini. Iwapo ziwa litashuka, mipya itaota kwenye tope la pembeni, lakini mgunga wa kubeba kiota cha furukombe si wa mwaka mmoja wala miwili. Ndiyo maana leo hatukuhesabu ndege peke yao. Mwalimu aligawa msitu ule kwa sehemu, kila mtu akapewa yake, tukahesabu miti iliyosimama, miti yenye viota, na viota vyenye ndege ndani. Ilichukua muda mrefu kuliko chochote tulichofanya leo, na boti ya pili ilichoka kutungoja, ikatangulia.

Tukiwa bado hapo, furukombe aliwinda. Walikuwa wawili, dume na jike, wakiitana, kila mmoja akitupa kichwa nyuma, sauti moja ikiipokea nyingine. Halafu yule mkubwa, ambaye ndiye jike, akaacha tawi bila kupiga bawa. Alishuka kwa mteremko mrefu, akanyoosha miguu dakika ya mwisho, akagusa maji na kuinuka na samaki. Ukucha wake na vinundu vikali vya chini ya vidole haviachii kitu chenye utelezi. Akimpata samaki mzito asiyeinulika, humburuta juu ya maji mpaka ufukweni. Huyu alikuwa wa kadiri yake. Nahodha, ambaye bila shaka amemwona akiwinda mara nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, alipiga makofi.

Tulifika Crescent Island saa tatu kasoro. Ni ukingo wa kreta ya zamani uliobaki juu ya maji, umbo lake la mwezi mchanga, na ndani ya lile pindo ndipo kina kirefu zaidi cha ziwa zima kilipo. Maji yakishuka panakuwa rasi, mtu anafika kwa miguu. Yakipanda panakuwa kisiwa kweli. Hapana simba wala chui, hivyo tunatembea bila gari katikati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro. Kuna chatu na kuna viboko ufukweni, kwa hiyo anayeongoza huangalia chini na anayefuata huangalia mbali.

Tulitembea kwa mstari, polepole sana, kama nusu saa kwa umbali ambao mtu mwenye shughuli zake angeumaliza kwa dakika tano. Mbwigu wenye migongo ya kijivu walikuwa kila mahali, wamekaa juu ya vichaka kwa vikundi, wakitingisha mikia na kupiga kelele kwa pamoja. Kwezi walitembea miguuni petu. Chole mmoja mwenye kifua cha zambarau alikuwa juu ya kichuguu, na kila aliporuka rangi ya buluu ya mabawa ilimfanya binti wa gredi ya sita ashike mkono wa baba yake.

Ufukwe wa ndani, ule uliokingwa na upepo, ndio uliotuweka kwa saa nyingi. Hapo kuna tope, na Februari tope la Naivasha lina wageni. Sululu wa aina kadhaa walikuwa wakichomachoma: wale wadogo wanaotikisa makalio bila kupumzika, wale wenye madoa mgongoni, na wale wenye miguu mirefu ya kijani wanaoingia majini mpaka tumboni. Wote wamezaliwa Ulaya na Asia ya kaskazini, na kufikia Mei wengi wao watakuwa wameondoka kurudi huko. Juu yao mbayuwayu walipita na kurudi wakikamata wadudu. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na amevuka Jangwa la Sahara kuja kula mbu wetu. Nimewahi kulisoma hilo mara nyingi, lakini kuwaona wakinywa maji kwa kugusa tu uso wa ziwa wakiwa wanaruka, kisha kufikiria njia waliyopita, ni jambo jingine.

Mwari walifika saa tano. Kwanza tuliwaona angani, wakizunguka kwenye hewa ya joto bila kutikisa bawa, kisha wakatua kwa pamoja nje kidogo ya pindo. Wakajipanga nusu duara na kusogea kuelekea maji ya kina kifupi, wote wakizamisha midomo wakati mmoja, kama wavuvi wanaovuta juya. Mwari weupe wa bonde hili huzalia zaidi Elmenteita, ambako miamba ya katikati ya ziwa huwakinga na fisi, halafu husafiri kwenda kutafuta chakula kwenye maziwa mengine. Kwa hiyo afya ya Naivasha ni chakula cha vifaranga walio kwenye ziwa jingine. Ningependa wanaopanga matumizi ya maji wakumbuke hilo wanapoketi mezani kulijadili ziwa moja peke yake.

Kwenye gugu maji lililosukumwa na upepo pembeni ndipo binti alipomwona sile-maua. "Baba, ndege ana miguu mingi!" Wote tuligeuza darubini. Alikuwa dume, rangi ya kahawia iliyokolea, paji la uso la buluu, vidole virefu vilivyosambaa juu ya majani. Chini ya mabawa yake ilining'inia miguu minne zaidi. Alikuwa amewakumbatia watoto wake kwapani na kutembea nao. Kwa ndege hawa dume ndiye anayeatamia na kulea. Jike hutaga na kwenda kwa dume mwingine. Alitembea hatua kadhaa, akawashusha, vifaranga wawili wadogo wakaanza kudonoa kana kwamba hawakuwa wamebebwa. Mwalimu, ambaye amekuwa akitazama ndege tangu ujana, alisema hajawahi kuliona hilo karibu namna ile, na akamwambia binti aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari la kikundi, mbele ya aina hiyo.

Hapo tukakaa chini kula, na mazungumzo yakageukia majani yenyewe. Wazee wa hapa wanakumbuka Naivasha ya mayungiyungi ya buluu yaliyotanda pembezoni mwa ziwa. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, kwa ajili ya uvuvi. Walizaana, wakala mizizi na majani, na mayungiyungi yakatoweka pamoja na majani mengi yanayoota chini ya maji. Kukuziwa, yule mweusi mwenye paji jeupe na vinundu viwili vyekundu, huishi kwa majani hayo. Yanapokuwepo, kukuziwa hufunika maji; yanapokwisha, nao huondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaja gugu maji kutoka Amerika ya Kusini, na mnamo 2001 samaki aina ya karpu wakaonekana. Hawa huchimbua tope na kuchafua maji, ingawa wavuvi wanawashukuru kwa sababu sasa ndio kitoweo na pesa. Sile-maua wetu leo alikuwa akitembea juu ya mmea wa kigeni kwa sababu ule wa kwao haupo. Mimi nalichukia gugu maji, limeziba magati na kuwanyima wavuvi kazi, lakini nilimwona ndege yule akikilea kizazi chake juu yake na ikabidi nikubali kwamba ziwa hili halirekebishwi kwa kung'oa kitu kimoja.

Kukuziwa leo tuliwaona wachache, wote upande wa mashariki. Tumeandika.

Kurudi kulikuwa na upepo mkali, mawimbi yakaingia botini. Naivasha hubadilika hivyo kila alasiri, na ndiyo sababu nahodha alisisitiza tuondoke kabla ya saa tisa.

JUMAPILI

Leo tumeliacha ziwa na kwenda Hell's Gate, nusu kwa miguu, nusu kwa baiskeli za kukodi. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984 na ni kati ya chache nchini ambako mtu anaruhusiwa kutembea bila gari. Langoni kuna mnara wa mwamba wa Fischer, umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita huku mwaka 1883. Dada wa Mwanza alifurahi kujua kuwa ndiye yule yule ambaye cherero wake wamepewa jina lake. Chini ya mnara pimbi walikuwa wakiota jua.

Na penye pimbi, tazama juu. Tulilala chali kwenye majani, darubini zikielekea kwenye genge, mpaka tai mweusi alipotokea, ana alama nyeupe ya V mgongoni, akipita karibu mno na mwamba hivi kwamba kivuli chake kilikuwa kikimgusa. Pimbi wote waliingia mashimoni kwa mlio mmoja. Hawa tai huishi kwa pimbi karibu peke yao. Teleka walikuwa wengi mno kuhesabika, wakitoka na kuingia kwenye nyufa za genge wanamolala na kuzaa.

Tumbusi wa Rüppell tuliowaona walikuwa wachache, na walikuwa juu sana. Tangu 2015 wamewekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani, kwa sababu kubwa ya sumu: mfugaji aliyepoteza ng'ombe hutia sumu kwenye mzoga akimlenga simba au fisi, na tumbusi wanaofika kwa makumi hufa wote mezani pamoja. Hapa kuna hatari nyingine. Umeme wa mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalishwa mwaka 1981, unatoka ndani na kandokando ya hifadhi hii, na nyaya zake zinapita juu ya mabonde wanayoyatumia ndege wakubwa. Umeme huo ni safi na tunauhitaji. Taa ya nyumbani kwangu inawaka kwa sehemu yake. Kuna njia za kuzifunika nyaya na kuweka alama zinazoonekana na ndege, hazigharimu kama mtambo, na zinapaswa kuwekwa kwenye kila laini inayopita karibu na magenge.

Jua lilikuwa kali, maji yakatuishia mapema. Tulirudi kambini na kulala.

JUMATATU

Asubuhi ya mwisho tulikwenda Oloidien, ziwa dogo la pembe ya kusini magharibi. Naivasha ikishuka, Oloidien hutengana na kuanza kuwa ya chumvi. Ikipanda, maji hukutana na chumvi hupungua. Miaka ya utengano heroe wadogo walihamia hapa kwa wingi, kwa sababu chakula chao ni mwani wa maji ya magadi. Wengi wetu tuliwahi kuona picha za ufukwe wa waridi. Leo hapakuwa na waridi. Tulikuta mnandi, bata bukini wenye vifaranga, domomwiko wakifyeka maji kulia na kushoto, kibisi wengi wakizama na kuibuka, na viboko. Baba yake binti alisikitika, maana alimwahidi mtoto heroe. Mwalimu akamweleza binti kwamba kukosekana kwa heroe ni habari nzima: kunaonyesha maji haya si ya chumvi tena vya kutosha kuotesha mwani ule. Aliandika sifuri mbele ya jina la heroe, akamwonyesha. Wanaohesabu mara nyingi huacha wazi mahali hapo, na mtu wa kesho hajui kama ndege hakuwepo au hakutafutwa.

Kwenye njia ya kurudi barabarani tulipata zawadi: korongo taji wawili kwenye malisho, wakipiga hatua za taratibu, wakikanyaga majani ili panzi waruke. Uganda wamemweka kwenye bendera yao. Tangu 2012 naye amo kwenye orodha ya walio hatarini, kwa kuwa vinamasi anamotagia vinakaushwa kwa kilimo na vifaranga vyake vinauzwa. Mchungaji aliyekuwa karibu alituambia jozi hiyo huonekana hapo kila msimu na watoto wa pale wanakatazwa kuwarushia mawe. Nani anawakataza? "Mama zao," alijibu.

Baada ya chakula cha mchana tuliketi chini ya mgunga ulio hai na kufanya kazi ya kusafisha orodha. Kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, nchi imegawanywa kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Unatakiwa kutafuta kwa angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja, na kuandika kila aina kwa mfuatano ulivyoiona. Ziwa letu limeangukia kwenye zaidi ya mraba mmoja, kwa hiyo tulizitenga orodha za kambi, za Crescent Island, za Hell's Gate na za Oloidien. Kulikuwa na ubishi mrefu kuhusu ndege mmoja wa mafunjoni, mdogo, kahawia, aliyejificha na kuimba. Wanafunzi wa chuo walikuwa na jina, muuguzi alikuwa na jina lingine, na rekodi ya simu ilijaa upepo. Hakuandikwa.

Hesabu ya miti tumeiweka peke yake, na ramani ya mkono iliyochorwa na binti, kila sehemu na herufi yake, ili atakayekuja aanzie pale pale tulipoanzia. Nahodha amechukua nakala. Ameomba tumwachie na kalamu ya risasi, maana wino ukipatwa na maji hufutika, na amesema atakuwa akiweka alama kwenye mti kila unapoanguka.

Tumekubaliana kurudi Agosti. Wengi wa wageni wa Ulaya watakuwa bado kwao wakati huo, tope litakuwa la wenyeji zaidi, na mnandi tutawahesabu upya kwenye miti itakayokuwa bado imesimama.